Habari ya Kazi Yetu ya Saa

Walimu kadha wa kadha na wenye nyumba wametuuliza habari ya kibanda chetu kilicho karibu na soko la Muheza. Huuliza: Imekuwaje mwalimu wa dini akawa fundi saa, tena siku hizi ambapo kila mtu anayo saa ndani ya simu yake? Tumeona vema kuwajibu nyote pamoja, wala hatutaificha aibu iliyotupata, maana ndiyo iliyotufundisha kazi.

Kwa miaka mingi ilikuwa juu yetu kuitia ufunguo saa ya kanisani kila Jumamosi, nayo ni saa ya siku nane. Ilipoharibika, fundi mmoja mzee wa Tanga alikuja kuifungua, nasi tukamshikia taa. Tukayaona magurudumu ya shaba yakisukumana, kubwa likilisukuma dogo, tukashangaa kama watoto. Toka siku ile tukawa twaenda kwake kila tupatapo nafasi, tukiketi kando ya meza yake, tukisafisha na kutazama. Mwaka wa pili macho yake yakaingia ukungu, akataka kuviuza vyombo vyake: bisibisi ndogo sita, vikoleo viwili, kioo cha kukuzia cha kubana jichoni, kichupa cha mafuta membamba, na kopo la magurudumu ya saa zilizokufa.

Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati. Nyumba yetu yavuja upande wa jikoni, na mama wa watoto wetu alikuwa ameiweka akiba ile kidogo kidogo kutoka mauzo ya machungwa. Tulipomweleza shauri letu alinyamaza, kisha akasema, "Baba, hiyo saa itatuambia mvua inaanza lini?" Hatukuwa na jibu. Siku ya tatu akaitoa fedha mwenyewe, akasema, "Chukua. Lakini kila jioni utanisomea daftari." Basi tukanunua daftari, na kila saa iingiayo ikapewa namba, jina la mwenyewe, ugonjwa wake, na bei tuliyopatana.

Atakaye kuanza kazi hii na ajue kwamba saa nyingi ziletwazo si za ufunguo. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkononi ya kwatzi, yaani yenye kijiwe kinachotetemeshwa na nguvu ya betri. Katika saa nyingi za sasa kijiwe hicho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Ukiigawa hesabu hiyo kwa mbili mara kumi na tano hubaki moja, na hivyo ndivyo saa ipatavyo sekunde yake. Kazi yetu kwa saa hizo ni kubadili betri na mikanda. Betri ikivuja na kuacha unga mweupe, huufuta kwa pamba iliyochovywa siki kidogo, ukakausha vizuri. Mwanzo tuliidharau kazi hii, tukingojea saa za magurudumu kama mvuvi anayengojea papa, na kumbe dagaa ndio waliotulisha.

Saa za ukutani za zamani zina ufito wenye uzito chini, unaoyumba huku na huku, uitwao pendulumu. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyetengeneza saa ya namna hii mwaka 1656. Ufito ukiwa mrefu saa huchelewa, ukiwa mfupi hukimbia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aliichukua saa yake mpaka Cayenne, karibu na ikweta, akaona yachelewa kiasi cha dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi aufupishe ufito; maana nguvu ya dunia ya kuvuta vitu ni pungufu kidogo ikweta kuliko Ulaya. Tuliposoma habari hiyo tulifurahi mno, tukajiona tumekuwa wataalamu. Hapo ndipo tulipokuwa karibu na kuanguka.

Mwezi wa nne wa kazi alikuja bibi mmoja mjane, na mjukuu wake amebeba saa ya ukutani iliyofungwa katika kanga. Ilikuwa ya Junghans, kiwanda cha Schramberg, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1861. Marehemu mumewe aliipenda kuliko viti vyote vya nyumbani. Bibi akasema, "Mwalimu, imekataa kwenda toka tulipopaka nyumba chokaa. Nikiusukuma ule ufito huenda kidogo, kisha hufa. Usiku silali, maana nimezoea kuisikia."

Ndugu zetu, ugonjwa wote ulikuwa ndani ya maneno hayo, nasi hatukuusikia. Tukaandika katika daftari: Namba 31, imesimama.

Usiku ule tukaifungua. Ndani ya saa ya ufunguo mna kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliozungushwa ukakazwa, na ndio utoao nguvu. Kabla ya kutenga bamba mbili zinazoyashika magurudumu, yakupasa kushika ufunguo kwa nguvu, kuinua ulimi mdogo uzuiao gurudumu lisirudi nyuma, na kuilegeza kamani pole pole mpaka iishe nguvu. Fundi mzee alituonyesha jambo hili mara nyingi. Lakini tulikuwa na haraka, tena tulidhani kwamba saa iliyosimama haina nguvu ndani yake. Tulipolegeza skrubu ya tatu kukatoka kishindo, magurudumu yakazunguka kama yaliyopandwa na wazimu, kamani ikatukata kidole, na meno mawili ya gurudumu kubwa yakaanguka mezani.

Kesho yake tulimwambia bibi kwamba saa yake yahitaji chombo, nacho kimeagizwa. Akaenda zake. Akaja tena, tukasema hakijafika. Mara ya tatu alileta na mayai. Kila jioni tuliposoma daftari tuliipita namba 31 upesi upesi, mpaka siku moja mama wa watoto akasema, akiendelea kuchambua mchele, "Yule bibi nimekutana naye kisimani. Aniuliza kama hicho chombo chatoka Ulaya kwa miguu."

Tukalala bila kusema neno. Asubuhi tukaenda kwa bibi, tukamwamkia, tukamweleza yote: kwamba hakuna kilichoagizwa, na kwamba meno tuliyavunja sisi. Hakukasirika kwa sauti. Akasema tu, "Basi itengenezeni," akaingia ndani, naye hakutukaribisha kuketi. Adhabu ile ilitutosha.

Tuliichukua saa mpaka Tanga kwa mzee wetu. Yeye haoni vizuri, lakini vidole vyake vyaona. Akamwelekeza kijana fundi wa shaba: wakachonga nafasi mahali pa meno yaliyovunjika, wakapachika kipande cha shaba, wakakichomelea kwa risasi, kisha wakatumia tupa ndogo mpaka meno yakafanana na wenzake. Gharama yake ilipita mapato yetu ya mwezi mzima.

Tukairudisha saa kwa furaha, tukaitundika ukutani, tena tukaipima kwa pimamaji isiende upande hata kidogo. Ikaenda dakika tatu, ikasimama. Tukausukuma ufito, ikasimama tena. Jasho likatutoka. Ndipo mjukuu aliposema, "Babu alikuwa na kijiti chake hapo chini, upande wa kushoto. Fundi wa chokaa alikitoa." Tukatia kidole mahali alipoonyesha, sanduku la saa likainama kidogo, na mara tukasikia: tik, tak, tik, tak, mapigo yaliyo sawa, mahali pa tik-tak, tik-tak ya kuchechemea. Chuma kiusukumacho ufito kilikuwa kimepinda tangu zamani, na mzee yule, badala ya kukinyosha, aliiinamisha saa nzima.

Hapo tulikuwa na neno moja zaidi la kusema, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Tukasema, "Bibi, saa yako haikuwa na ugonjwa. Kama tungalikuja kuitazama ukutani siku ile ulipoileta, tungaliiponya kwa kijiti."

Bibi akaketi. Akasema, "Basi mume wangu alijua." Kisha akamtuma mjukuu alete kiti cha pili.

Tukangoja mpaka saa ipige. Ikapiga mara kumi na moja, nasi tukasema ni saa tano, kama ilivyo desturi yetu Waswahili, na mtoto akacheka akiuliza ni nani mwongo, sisi au saa. Hatukupokea fedha. Tulipewa papai.

Sasa twaenda kwanza nyumbani kwa mwenye saa ya ukutani kabla hatujashika bisibisi, na katika daftari mmeongezwa safu ya maneno aliyoyasema mwenyewe, neno kwa neno. Mabati tumenunua manne, bado sita. Na jioni ile, mbele ya mama wa watoto, tulikamilisha namba 31: Kijiti.