Yasmin Barazani Kinondo: Mwigizaji, Mhakiki na Swali la Shangazi

Kwa miaka kadhaa nimesomesha riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), na kila mwaka nimewaambia wanafunzi jambo lile lile: kwamba Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, ni ishara ya kuvunjwa kwa mipaka ya rangi na tabaka katika siku za mwisho za utawala wa Mwingereza. Kauli hiyo si potofu. Hata hivyo, nilipoitazama filamu iliyotokana na riwaya hiyo nikiwa nyumbani kwetu Kinondo, nilitambua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikiitazama ishara, wala sikumtazama Yasmin mwenyewe.

Filamu hiyo iliongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaiwasilisha kushindania tuzo ya Oscar. Yasmin anaigizwa na Ikhlas Gafur Vora. Denge, mpigania uhuru anayependana naye, anaigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na filamu za Kihindi. Utotoni mwangu tulizitazama kwa mikanda ya video, jenereta ikinguruma uani, nasi tukiziimba nyimbo ambazo maana yake hatukuijua. Lakini iliyotufikia ni sinema ya biashara. Ile nyingine, iliyojishughulisha na dhiki za wanyonge, niliijua ukubwani, chuoni: Shabana Azmi katika Ankur (1974), na Smita Patil katika Manthan (1976), filamu iliyogharimiwa na wafugaji 500,000 wa Gujarat, kila mmoja akitoa rupia 2. Katika Mirch Masala, iliyotoka mwaka 1987 baada ya Patil kufariki Desemba 1986 akiwa na umri wa miaka 31, yeye ni Sonbai, mwanamke anayemkataa mtoza kodi mwenye mabavu na kukimbilia katika kiwanda cha kusaga pilipili. Patil hakuhitaji kilio wala wimbo ili kukataa. Alitosheka na macho na jinsi alivyosimama.

Kwa maoni yangu, Vora ni wa ukoo huo wa uigizaji, ingawa filamu yake si ya Kihindi. Riwaya ina msimulizi anayetueleza yaliyomo moyoni mwa Yasmin. Mwigizaji hana msaada huo. Msichana wa miaka 15 aliyeozwa mzee aliyepita 50 hana budi kueleweka kabla hajasema neno.

Jioni ile nilimwonyesha shangazi yangu filamu hiyo barazani, kwenye tarakilishi. Hakuwahi kuisoma riwaya. Baada ya muda akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto kuna aliyemuuliza?"

Nikaanza kumweleza habari za ukoloni na matabaka.

"Sikuulizi habari za Wazungu. Nakuuliza kama aliulizwa."

"Hakuulizwa, shangazi."

"Nami sikuulizwa," akasema, kisha akaniambia niache picha iendelee.

Nilijua tangu utotoni kwamba shangazi aliolewa kabla hajatimiza miaka 16. Nilijua kama mtu ajuavyo tarehe ya mvua kubwa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza habari hiyo, na usiku ule pia sikuthubutu.

Huenda mhakiki akadai kwamba kusoma namna hii ni kuishusha riwaya ya siasa hadi kwenye huruma ya nyumbani. Sidhani. Denge na wenzake wanadai kwamba watu wasitawaliwe bila ya kuulizwa. Yasmin anadai jambo hilo hilo ndani ya nyumba, na analidai kwa kutoroka, kabla hajamjua Denge wala siasa zake. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama nilivyokuwa nikisema, kwamba anaamshwa na harakati za wanaume. Alikwisha kuamka.

Siku hizi, nifikapo kwenye riwaya hii, naianza mihadhara kwa swali la shangazi, bila ya kutaja limetoka kwa nani. Wanafunzi, hasa wa kike, hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Zamani kimya hicho ningekijaza kwa nadharia. Sasa nasubiri.