Nailoni na polipropilini: kuchanganyika si kuoana

Najua nimepotea wiki mbili hizi, msuli umenikaba kooni. Wiki ijayo natetea mradi wangu wa mwaka wa mwisho, na kila nikikatiza kantini nasikia, "Wewe si ndiye yule anayepika plastiki?" Leo nawajibu wote kwa mpigo.

Kwanza tuwekane sawa. Ule mfuko mwembamba wa sokoni tuliokua tukiuita "nailoni" haukuwa nailoni, ulikuwa polithini. Nailoni yenyewe ilitengenezwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika maabara za kampuni ya DuPont, Marekani. Ndiyo nyuzi za nyavu na za miswaki. Polipropilini ni ile ya viroba vya sembe na kamba nyepesi za plastiki. Giulio Natta wa Italia aliitengeneza mwaka 1954, na mwaka 1963 akapata Nobel pamoja na Karl Ziegler.

Sasa kwa nini uzichanganye? Nailoni 6 ina nguvu na inavumilia joto, huyeyuka kwenye sentigredi 220 hivi. Tatizo inakunywa maji, na ikishakunywa inalegea. Polipropilini huyeyuka mapema, kama 165, lakini ni rahisi, ni nyepesi na maji haiyataki kabisa. Mtu yeyote angesema changanya upate mazuri ya pande zote.

Thubutu! Minyororo ya nailoni hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, ina tabia za kimaji maji. Polipropilini ni kaboni na haidrojeni tupu, ndugu yake mafuta. Ukiziyeyusha pamoja, iliyo kidogo inajikusanya matone matone ndani ya iliyo nyingi, kama visiwa baharini. Kwa macho unaona kitu kimoja. Kivute sasa: ufa unaanzia pale kisiwa kinapokutana na bahari, maana hapo hakuna aliyemshika mwenzake. Vipande vyetu vya kwanza vilikatika mapema kuliko hata polipropilini tupu.

Dawa yake ni mshenga. Unachukua polipropilini iliyopachikwa anhidraidi ya maleiki, unaitia kidogo tu. Ule mkia wa polipropilini unazama kwa ndugu zake, na anhidraidi inaungana kikemia na ncha za amini za nailoni. Tofauti na washenga wa mtaani, huyu haondoki baada ya harusi, anabaki mpakani amewashika wote wawili. Matone yanakuwa madogo sana, hata chini ya maikroni moja, na kipande kinavumilia kuvutwa na kugongwa. Ila nailoni uikaushe vizuri kwanza, la sivyo maji yanakata minyororo yake humo humo kwenye joto.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Kwetu wavu ni nailoni, kamba ya maboya ni polipropilini, na vikichakaa vinatupwa pamoja, vingine vinaendelea kuua samaki bure majini. Likizo mzee aliniuliza kama haya mambo yanaweza kuyeyushwa yote kwa pamoja. Nikamwambia, "Inawezekana baba, ila bila kiungo utapata kitu cha kukatika." Kama kiungo ni ghali, bora kutenganisha: katakata, osha, tia kwenye pipa la maji. Polipropilini inaelea, nailoni inazama. Mzee akacheka, akasema hilo hata yeye analijua.

Kuna mwenzangu kwenye kundi ananishauri nitoe picha ya vile vipande vilivyokatika ovyo, eti inaharibu mradi mbele ya wasahihishaji. Sitoi ng'o. Bila ile picha, nani atajua mshenga alifanya kazi gani?

Haya, niacheni niwahi foleni, leo ni siku ya ubwabwa. Mniombee Jumatatu!