Joto moja, hesabu mbili

Kosa tunaloeleza hapa ni letu wenyewe. Tunalisema wazi ili nyumba nyingine zisilirudie.

Ndugu yetu anayekaa Marekani alitutumia furushi. Ndani mlikuwa na nguo za watoto, sabuni, na kipimo cha homa, kile cha betri kinachoonyesha hesabu katika kioo kidogo. Tulifurahi sana. Majirani walikuja kukitazama, nasi tukakiweka juu ya kabati kama kitu cha heshima.

Siku chache zikapita. Jioni moja ya mvua mtoto wetu wa mwisho alikataa chakula, akaanza kutetemeka. Tukakishusha kile kipimo, tukamtia kwapani, tukangoja mpaka kikalia. Kilionyesha 103,1.

Tulitazamana, tukacheka. Tangu shuleni twajua kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Je, mtoto amepita maji ya chai? Tukasema: «Kitu hiki kimeharibika njiani.» Tukakirudisha katika sanduku lake.

Mama mzee wa nyumba hakucheka. Aliweka mkono shingoni mwa mtoto, akasema: «Wanangu, ninyi mnatazama kioo, mimi namshika mtoto. Anaungua.» Tukamjibu: «Mama, tungoje kuche.»

Usiku ule ulikuwa mrefu. Mtoto aliweweseka, akaita watu wasiokuwapo. Kabla ya mapambazuko tulimbeba mgongoni, tukashika njia ya dispensari ya misioni. Sista alimpima kwa kipimo chake, akasoma 39,6. Akatoa tone la damu kidoleni, akakuta malaria. Mtoto alipewa dawa papo hapo, na kwa neema ya Mungu akapona.

Baadaye tulimwonyesha Sista kipimo chetu «kibovu». Akakigeuza, akatuonyesha kando ya hesabu herufi ndogo: F. Akasema: «Baba, mama, hakikukosa. Kiliwaambia kweli tangu jana jioni, lakini kilisema kwa lugha ya nchi nyingine.» Tuliinamisha vichwa. Saa nane nzima mtoto aliteseka kwa sababu ya herufi moja tusiyoitazama.

Basi herufi ile maana yake nini? Fahrenheit alikuwa fundi wa vipimo, aliyezaliwa Danzig mwaka 1686, akafanya kazi Uholanzi. Mwaka 1724 alitangaza hesabu yake ya joto. Celsius alikuwa mwalimu wa elimu ya nyota huko Uppsala, nchi ya Uswidi. Yeye alitoa ya kwake mwaka 1742. Jambo la kushangaza: Celsius mwenyewe aliweka 0 mahali maji yanapochemka na 100 mahali yanapoganda. Wengine waliigeuza baadaye, ikawa kama tunavyoijua leo. Sisi huku Kongo, pamoja na nchi nyingi za dunia, tunafuata hesabu ya Celsius. Marekani bado wanashika ile ya Fahrenheit katika maisha ya kila siku.

Tufananishe na njia. Mtu mzima na mtoto wanatembea njia moja, toka mahali maji yanapoganda mpaka mahali yanapochemka kando ya bahari. Mtu mzima, ndiye Celsius, anahesabu hatua 100. Mtoto, ndiye Fahrenheit, ana hatua fupi, anahesabu 180. Tena mtoto alianza kuhesabu nyuma kidogo: alipofika penye maji kuganda alikuwa amekwisha hesabu 32. Kwa hiyo akifika mwisho anasema 212, na mwenzake anasema 100. Wote wawili wamefika mahali pamoja, wala hakuna aliyedanganya.

Sasa kubadili ni rahisi. Kwanza ondoa zile 32 za mwanzo. Halafu, kwa kuwa hatua 9 za mtoto ni sawa na 5 za mtu mzima, gawa kwa 9, uzidishe kwa 5. Tuchukue hesabu yetu ya jioni ile: 103,1 ukiondoa 32, inabaki 71,1. Gawa kwa 9, unapata 7,9. Zidisha kwa 5: ni 39,5. Homa kali kabisa!

Ukitaka kurudi, fanya kinyume. 37 mara 9 ni 333. Gawa kwa 5, unapata 66,6. Ongeza 32, unapata 98,6. Ndiyo maana mtu mzima wa afya akipimwa Marekani huambiwa 98 na kitu, wala hashtuki.

Lakini angalieni mtego mmoja. Ndugu akikuandikia: «Homa imeshuka digrii 2 za Fahrenheit», usiondoe 32. Hapo hasemi amesimama wapi njiani, anasema amerudi hatua ngapi. Utagawa kwa 9 na kuzidisha kwa 5 tu: ni kama digrii 1,1 yetu.

Siku hizi kuna karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati letu. Imeandikwa hivi: 98,6 ni 37, 100,4 ni 38, yaani homa imeanza, 102,2 ni 39, 104 ni 40. Hata usiku, mtu mwenye usingizi anaweza kuisoma. Na juu yake tumeandika kwa herufi kubwa: TAZAMA KWANZA F AU C.

Tena tumejifunza neno lingine. Kipimo kikisema jambo geni, si lazima kiwe kimeharibika. Labda sisi hatujui kukisoma. Kuuliza si ujinga. Na kama kipimo na mkono wa mama havipatani, mpelekeni mtoto kwa mganga usiku ule ule, mkamalize mabishano huko.

Mama mzee mpaka leo hajui kugawa kwa 9. Lakini kila tunapokishusha kile kipimo, yeye hutangulia kuweka mkono shingoni mwa mtoto, kisha hutuuliza: «Haya, leo kinasema lugha gani?»