Uzi wa Mita Tatu

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, sauti ilikuwa na mahali pamoja tu pa kutokea: juu ya kabati. Baba aliiweka redio huko ili sisi watoto tusiifikie, akaitandikia kitambaa cha kufuma. Ukifika wakati wa taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, yeye alikaa kitini na sisi mkekani, wote tumeinua nyuso kama watu wanaotafuta mwezi. Siku ya Simba na Yanga majirani walijaa hadi barazani, redio ikafunguliwa hadi mwisho, na wa nje akasikia sawa na wa ndani.

Mwaka 2009, nilipopata nyumba yangu Dar es Salaam, nilikwenda Kariakoo nikanunua homu thieta ya spika tano na sabufa. Fundi aliyekuja kuifunga alizipachika spika nne kwenye kona nne za sebule, juu kabisa darini. Ya tano akaiingiza ndani ya kabati la TV, nyuma ya mlango wa kioo. Sabufa akaisukuma kwenye kona, mgongo umegusa ukuta tunaochangia na jirani. Wageni walisifu. Vikombe vilitikisika kabatini, nami niliamini kwamba sauti nzuri ni ile inayotikisa.

Aliyenizindua ni baba. Mwaka 2014 alikuja kwangu kutibiwa masikio; la kushoto lilikuwa limepungua nguvu sana. Kila tukitazama filamu aliuliza, "Kasemaje?" Nikaongeza sauti. Milipuko ikapanda, muziki ukapanda, maneno yakabaki chini palepale. "Kasemaje, mwanangu?" Siku ya tatu hakuuliza tena. Alitazama midomo ya watu kwenye TV kwa muda, kisha akaaga kwenda kulala, na saa tatu haijafika. Kimya kile kilinichoma kuliko swali lenyewe.

Nikaanza kusoma. Nikakutana na Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza, ambaye inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mkewe akakerwa: mtu anatembea upande huu wa skrini, sauti yake inatoka upande ule. Mwaka 1931 aliomba hataza ya sauti ya njia mbili. Kutoka hapo njia ziliongezeka, hadi mwaka 1992 Dolby Digital ilipoingia kwenye majumba ya sinema na filamu ya Batman Returns, ikiwa na njia tano na ya sita ya besi. Na katika mpangilio huo, maneno ya wahusika karibu yote hupitia spika moja, ile ya kati. Yaani ile niliyoifungia kabatini. Kioo kilikuwa kinameza sauti nyembamba za s, f na t, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, na ndizo sikio la mzee hupoteza mwanzo.

Jumamosi ile nilishusha kila kitu. Nilichukua uzi wa kushonea, nikafunga ncha moja kwenye mgongo wa kiti cha baba, usawa wa sikio, nikaunyoosha mita tatu hadi spika ya mbele kushoto. Kulia, mita tatu. Kati ya spika na spika, mita tatu vilevile. Ukipata pembetatu hiyo ya pande sawa, kila spika inakuwa digrii 30 kutoka katikati. Za nyuma nilizipeleka ubavuni, zimepita masikio kidogo tu, kama digrii 110. Ya kulia ilizuiwa na mlango wa jikoni, ikabidi isogee karibu kwa mita nzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mashine ya homu thieta inakuuliza umbali wa kila spika. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo mita moja ni milisekunde tatu hivi. Ukiiandikia vipimo vya kweli, huichelewesha ya karibu ili zote zifike pamoja.

Sabufa ndiyo iliyotuchosha. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane, refu kuliko sebule yangu. Likigonga ukuta hurudi na kukutana na jenzake. Mahali fulani besi inavimba, mahali fulani inazimika, na kwenye kona huvimba kuliko kote. Dawa yake ni kuigeuza kazi: unaiweka sabufa pale anapokaa msikilizaji, unapiga wimbo, unatambaa ukisikiliza. Mimi na mke wangu tulitambaa juu ya marumaru hadi tukapata mahali, kando ya rafu ya vitabu, ambapo gitaa la besi lilisikika noti kwa noti. Tukatandaza na zulia, maana marumaru, plasta na kioo hurudisha sauti kama kisima. Jirani hakuwahi kulalamika, lakini vikombe vyangu vilipokuwa vikitikisika, vyake navyo vilitikisika. Miaka mitano. Nilikwenda kumwomba radhi.

Jioni kulikuwa na mpira. King'amuzi kilitoa njia mbili tu, mashine ikazitandaza: mtangazaji katikati, watazamaji nyuma yetu. Spika ya kati sasa ilikuwa nje ya kabati, imeinuliwa kwa kipande cha ubao, inamwelekea baba usoni. Sauti niliishusha chini ya ile ya zamani. Tulikuwa tunazungumza, mara baba akaangua kicheko peke yake.

"Kasemaje?" nikamuuliza mimi.

Akanirudia maneno ya mtangazaji, neno kwa neno.

Siku ya kuondoka alinikuta nauzungusha ule uzi kwenye kibiriti.

"Usiutupe huo," alisema. "Ukija Tanga uje nao. Redio yangu bado iko juu ya kabati."