Inaoza Wapi?

Mwaka juzi nilimpelekea mama yangu zawadi ambayo hadi leo naionea haya. Mama ni mkulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, kusini ya Paje. Kazi hiyo ameifanya tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara visiwani mwaka 1989, nami nikiwa mtoto wa madarasa ya chini. Kila bamvua, maji yanapotoka, yeye na wenzake huteremka na mbegu za mwani, huzifunga moja moja kwenye kamba za nailoni kwa vijikamba vyembamba vya plastiki, kisha huzikaza kamba hizo baina ya vigingi. Shamba moja hula vijikamba kwa maelfu. Vinavyokatika huchukuliwa na mkondo.

Zawadi yangu ilikuwa maboksi mawili ya vijikamba vilivyoandikwa kwamba huoza vyenyewe katika mazingira. Nilivipata katika mkutano wa wasomi na wafadhili, mikutano ile ambayo mtu hurudi nayo na begi la kitambaa na imani tele. Mimi ni mhadhiri wa sosholojia. Kemia niliagana nayo kidato cha nne. Hata hivyo nilisimama chini ya mvinje mbele ya akina mama kumi na wawili, nikawaeleza kwa ufasaha wote niliojaaliwa kwamba sasa hawana haja ya kuhangaika na mabaki, bahari itayala yenyewe. Akina mama hao walikuwa na desturi nzuri: kila wavunapo, vijikamba vilivyokatwa hutiwa ndooni vikarudishwa nchi kavu. Wakaiacha. Daktari amesema, nani abishe?

Misimu miwili ya kusi ilipita. Siku moja mama akanipigia simu. "Mwanangu, vile vikamba vyako havijafa." Nilipokwenda alinitilia gao moja mkononi, vyenye ukoga wa kijani, vimejaa mchanga. Nilikivuta kimoja kwa nguvu ili kikatike. Kikanikata kidole.

Ndipo nikasoma yale niliyopaswa kuyasoma mwanzo. Ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo, palitajwa malighafi yenyewe: PLA, plastiki itengenezwayo kwa sukari ya mahindi au miwa. Huoza kweli, lakini katika mitambo ya mboji ya viwandani, penye joto la kama nyuzi 60. Bahari yetu, hata kaskazi likipamba moto, inazunguka kwenye nyuzi 30. Humo PLA hukaa miaka kama plastiki nyingine yoyote. Boksi halikusema uongo. Lilinyamaza tu kuhusu mahali, nami sikuuliza.

Sikuwa mjinga peke yangu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walitangaza matokeo ya mifuko waliyoifukia ardhini na kuizamisha baharini kwa miaka mitatu. Mfuko ulioandikwa kwamba unaoza ulikuwa bado unabeba bidhaa za dukani. Kichekesho ni kwamba mfuko wa aina nyingine, ule wa mboji, ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, ilhali ardhini ulionekana bado baada ya miezi 27. Neno "huoza" pekee, basi, halitwambii kitu.

Zipo plastiki ambazo bahari inaziweza. Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne aligundua kwamba bakteria fulani hujiwekea akiba mwilini, mithili ya mtu anavyojiwekea mafuta, na akiba hiyo ni plastiki ya asili. Kwa kuwa viumbe wadogo ndio waitengenezao, viumbe wadogo ndio waijuao kuila, hata majini. Kasi hutegemea joto, unene wa kitu na kina cha maji, na bei yake bado ni mara kadhaa ya plastiki ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2024, Takuzo Aida na wenzake wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walionesha plastiki ambayo viungo vyake huachana ndani ya maji ya chumvi kwa saa chache. Ili itumike, inabidi ipakwe ngozi ya kuzuia maji.

Na hapo ndipo penye fundo. Mama anataka kijikamba kilicho imara wiki sita, muda wa mwani kukomaa, na akipenda Mungu akitumie tena. Bahari inataka kisiwepo kabisa. Kikioza wiki ya tano, mavuno huelea kwenda zake na hasara ni ya mama, si ya mtengenezaji wala ya daktari mwenye begi la kitambaa. Nchini Norwei, nyavu za kuoza zilizojaribiwa kwa chewa wa huko zilinasa samaki wachache kuliko za nailoni. Korea Kusini iliyakubali mapungufu hayo mapema: serikali huwasaidia wavuvi kulipia tofauti ya bei ya nyavu hizo.

Kwetu nani atalipa? Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Tanzania Bara mwaka 2019. Nazipongeza sheria zile. Lakini zilimlenga mwenye kikapu sokoni, huku kamba na nyavu zikisahaulika. Mwani wa mama huishia katika dawa za meno na aiskrimu za ng'ambo. Sioni kwa nini mnunuzi wa ng'ambo asichangie kamba iliyouotesha. Wala sioni kwa nini bidhaa iuzwe hapa ikidai inaoza bila kutaja wapi, kwa joto gani, na kwa muda gani, na bila mtu kuizamisha kwanza katika maji yetu akaihesabia siku.

Nilipomweleza mama haya yote alinisikiliza kwa adabu. Kabla ya mwani alikuwa akisokota kamba za usumba: makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa, kisha yakatwangwa. Nikamwuliza kama angeyarudia. Akacheka sana. "Wewe umewahi kutwanga makumbi?" Sikuwahi. Kazi ile ilimla viganja kwa malipo ya kusikitisha, na nailoni ilipokuja aliishukuru.

Bamvua lililopita niliteremka nao alfajiri. Sikuzungumza. Nilipewa ndoo, nikainama pamoja na akina mama wale wale kuchambua mchanga, na maji yalipoanza kurudi ndoo yangu ilikuwa haijafika nusu. Ya mama ilikuwa imejaa.