Fidla katika Opera ya Kikantoni

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alifika Guangzhou kama wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanavyofika: kufuata mzigo. Alipokuwa akisubiri kontena lijae, mkalimani wake alimpeleka bustanini, wilaya ya Liwan, ambako wastaafu walikuwa wakiimba chini ya miti.

Mama mmoja mwenye raba na sweta alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja na karatasi ya maneno kwa mwingine, akiimba kwa sauti nyembamba ya kubana. Nyuma yake alikaa mpiga gaohu, ala ya nyuzi mbili inayobanwa katikati ya magoti. Pembeni yake, mzee wa makamo alikuwa akipiga fidla. Kwa mtu aliyelelewa na taarabu, ilikuwa kama kukutana ugenini na jirani wa Ng'ambo, Zanzibar.

"Hii ni sanaa ya mababu zetu," mkalimani alisema. Mababu wenyewe wangeshangaa.

Katika karne ya 19, vikundi vya opera ya Kikantoni vilisafiri kwa mashua nyekundu kwenye mito ya delta ya Mto Pearl, vikitumbuiza mbele ya mahekalu katika sikukuu za miungu. Wanaume ndio walioigiza hata wanawake. Waliimba kwa lugha ya jukwaani iliyotoka sehemu nyingine za China, si Kikantoni cha watazamaji wao. Fidla haikuwamo.

Mwaka 1854 mwigizaji Li Wenmao alijiunga na uasi dhidi ya dola ya Qing. Dola ililipiza kisasi kwa kupiga marufuku opera yenyewe na kubomoa jumba la chama cha waigizaji huko Foshan. Chama kipya, Bahe, kilianzishwa Guangzhou mwaka 1889.

Mageuzi makubwa yalikuja miaka ya 1920 na 1930, opera ilipohamia kwenye kumbi za mjini na kulazimika kugombea wateja na sinema. Waigizaji wawili mahasimu, Sit Kok-sin na Ma Sze-tsang, walishindana kwa kila kipya. Uimbaji ukawa wa Kikantoni, kwa sauti ya kawaida zaidi. Fidla na saksofoni zikaingia. Mwaka 1933 serikali ya Hong Kong iliruhusu wanaume na wanawake kupanda jukwaa moja.

Ruhusa hiyo haikuwarudisha watu wote kwenye nafasi za jinsia zao. Nyota mkubwa wa miaka ya 1950 katika nafasi za mabwana alikuwa mwanamke, Yam Kim-fai, na mwenziwe katika nafasi za mabibi alikuwa Bak Sheut-sin. Mwandishi wao, Tong Tik-sang, aliwatungia mwaka 1957 kisa cha binti wa mfalme wa mwisho wa dola ya Ming. Watawala wapya, Qing, wanataka aolewe na mchumba wake ili waonekane wema. Anakubali kwa sharti kwamba baba yake azikwe kwa heshima na mdogo wake aachiwe huru. Hayo yakishatimizwa, usiku wa harusi yeye na mumewe wanakunywa sumu. Heshima kwa mzazi, uaminifu kwa dola iliyoanguka na mapenzi, vyote vimefungwa katika usiku mmoja. Septemba 1959 Tong alianguka ukumbini katika onyesho la kwanza la tamthilia yake nyingine, akafariki akiwa na miaka 42.

Upande wa bara, Mapinduzi ya Kitamaduni yaliyoanza 1966 yaliziondoa hadithi hizo za wafalme jukwaani kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha opera hiyo kuwa urithi wa binadamu.

Urithi huo haukutulia. Mwaka 2019 ukumbi wa Sunbeam, uliofunguliwa Hong Kong mwaka 1972, ulionyesha opera ya Li Kui-ming kuhusu Donald Trump na pacha wake aliyepotea China. Rais alikuwa mgeni jukwaani. Ndugu waliopotezana ni kisa cha siku zote.

Sunbeam ulifungwa Machi 2025. Anayetaka opera Hong Kong sasa anaweza kukata tiketi katika Xiqu Centre, West Kowloon, au kusubiri sikukuu ya Tin Hau, mungu wa kike wa mabaharia, mafundi wanapofunga mianzi kwa mianzi hadi ukumbi mzima usimame.