Kama gari yako ya mezani haina mikanda, bado hujaimaliza

Naanza na msimamo wangu ili usiseme nilikuzungusha: gari ya dragi ya plastiki isiyo na mikanda ya kiti, kizimba cha vyuma wala parachuti si modeli. Ni ganda. Rangi inaweza kung'aa mpaka ujione uso, stika zikakaa sawa, tairi za nyuma zikanona vile inafaa. Bado ni ganda.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi hujenga magari madogo ya mashindano ya dragi. Karakana yangu ni meza ya kulia chakula, nyumbani Membley, baada ya vyombo kuondolewa na mathe kuhakikisha nimetandika magazeti. Dragi ni yale mashindano ambapo magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani ikiwaka yanachomoka moja kwa moja, hakuna kona, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Umbali wake wa asili ni robo maili, mita 402. Magari yangu mengi yamepunguzwa mara 25, kipimo ambacho kampuni za Marekani kama Revell na AMT zimekitumia miaka mingi. Kwa hivyo robo maili yangu ni mita 16 hivi. Ukianzia mlangoni kwetu, unamalizia kwa geti ya jirani.

Komenti ninazopata sana ni mbili. Ya kwanza: "Buda, si ununue gari ya ukweli?" Ya pili: "Si hii ni kazi ya watoto?"

Hiyo ya pili hainisumbui. Wengi wetu tulianza na gari ya waya, magurudumu ya ndara zilizoisha, na usukani mrefu wa kusukuma ukikimbia nayo mtaa mzima. Hata ile ilikuwa na usukani uliokata kona vizuri. Mtoto anajua gari si umbo tu, lazima kitu fulani ndani yake kifanye kazi.

Hiyo ya kwanza ndiyo imenifanya niandike leo.

Watu hudhani kuongeza vitu vidogo kwa modeli ni urembo tu. Ati unaongeza waya, unaongeza kamba, picha inatoka poa. Lakini ukikaa na gari ya dragi wiki tatu, ukisoma kila kipande kiko pale kwa nini, unagundua jambo moja: karibu kila kitu kidogo kwenye hiyo gari kiliwekwa kwa sababu mtu aliumia au alikufa.

Chukua injini. Zile dragi ndefu za miaka ya 1960 zilikuwa na injini mbele, na dereva alikaa nyuma kabisa, hata nyuma ya ekseli, miguu yake ikiwa imepakana na klachi na giaboksi. Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions kule California, giaboksi ya Don Garlits ililipuka akiwa anaanza mbio. Gari ilikatika vipande viwili na sehemu ya mguu wake wa kulia ikaenda. Garlits hakuacha. Alijenga gari nyingine, injini akaiweka nyuma ya dereva, na 1971 akaanza kushinda nayo. Watu walikuwa wamejaribu muundo huo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeonyesha kwamba unaweza kushinda. Baada ya miaka michache, zile za injini mbele zilikuwa zimeisha kwenye mashindano makubwa. Kwa hivyo ukiniona nimeweka dragi mbili kwenye rafu, moja ya injini mbele na nyingine ya injini nyuma, ujue kati ya hizo mbili kuna mguu wa mtu.

Chukua taa. Ule mti wa taa unaoruhusu magari kuondoka ulianza kutumika 1963. Kabla ya hapo kulikuwa na mtu aliyesimama na bendera, magari yakimpita huku na huku.

Chukua umbali wenyewe. Magari ya daraja la juu kabisa, yale yanayochoma naitromethani na kupita kilomita 500 kwa saa, hayakimbii tena mita 402. Juni 2008, Scott Kalitta alifariki kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, baada ya injini yake kulipuka akikaribia mwisho na gari ikashindwa kusimama. Wiki chache baadaye umbali wa madaraja hayo ulikatwa hadi futi 1,000, yaani mita 305, ili breki na parachuti zipate nafasi zaidi. Wale ni mafundi wenye pesa, wana vyuma bora na ambulensi iko pale pale. Na bado walisema: nafasi ya kusimama haitoshi, tupunguze mbio.

Sasa turudi huku kwetu.

Ukikaa Membley unajua sauti ya Jumamosi usiku. Kuna Barabara Kuu ya Thika upande mmoja, na ile ya Mashariki ya kuelekea Kamakis upande mwingine. Ikifika saa saba usiku unaanza kusikia ekzosi zinapasuka kama mahindi kwa sufuria. Wasee wamepanga Subaru mbili, mmoja anasimama katikati ya barabara na tochi ya simu, akishusha mkono, wanatoka. Tumerudi kabla ya 1963, tofauti ni kwamba bendera imekuwa simu. Na hapo hakuna nafasi ya kusimama iliyopimwa. Kuna matuta, kuna lori limeharibika bila taa, kuna mama anavuka akitoka kufunga kibanda, kuna bodaboda.

Kijana mmoja tuliyesoma naye sekondari alikufa hivyo. Hakuwa dereva. Alikuwa kiti cha nyuma, alienda tu kwa sababu kulikuwa na nafasi. Gari iliingia nyuma ya lori lililosimama. Wawili wa mbele walikuwa wamefunga mikanda, wakatoka na mifupa iliyovunjika. Nyuma hakukuwa na mkanda wa kufunga. Haikuwa kwamba gari ilitengenezwa bila mikanda. Ilikuwa imefunikwa na kifuniko cha kiti, kile cha ngozi bandia chenye nakshi nyekundu, mpaka mikanda ikazama chini yake. Wewe mwenyewe nenda uangalie gari ya kwenu sasa hivi, kiti cha nyuma. Nangoja.

Baada ya mazishi, marafiki zake walinitafuta. Walitaka niwajengee ile gari, ndogo, iwe kumbukumbu. Tamiya ya Japani hutengeneza Impreza za kipimo cha 1/24, kwa hivyo kazi ilikuwa inawezekana. Wakanitumia picha nyingi: rimu za dhahabu, bawa la nyuma, stika ya kioo. Zote za nje. Nikawauliza picha za ndani. Mmoja wao akaniambia, "Kaka, ndani hakuna mtu ataangalia."

Nikamwambia nitaijenga vizuri kabisa, rangi ile ile, rimu zile zile, ila na ndani nitaweka vile ilikuwa: kiti cha nyuma, kifuniko chake chenye nakshi nyekundu, na hakuna mkanda. Akanyamaza. Akasema hiyo itaumiza familia. Nikamwambia basi chagua gari nyingine tumkumbuke nayo, manake hiyo siwezi kuitengeneza ikiwa ganda. Hatukugombana. Alisema atanirudia.

Alirudi baada ya wiki mbili. Hakuandika kitu, alituma tu picha ya kiti cha nyuma cha gari yake mwenyewe. Kifuniko kimekatwa kwa wembe, vibaya, nyuzi zinaning'inia, na mikanda mitatu imetoka juu. Ile modeli hatujaijenga mpaka leo. Kwangu mimi ile picha inatosha.

Ndiyo maana nikiambiwa ninunue gari ya ukweli, nauliza: ukweli gani? Wengi wetu huku tumeiga dragi kwa nje tu. Tumechukua sauti, tumechukua stika, tumechukua moshi wa tairi. Tumeacha kizimba, mikanda, parachuti na mita za kusimamia. Tumejenga maganda, halafu tukaingiza watu ndani. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Sisemi wote ni wa mbio za usiku, hapana. Nasema hatuna nafasi ya kuongeza hata mmoja.

Na usidhani mimi ni wa kuwaitia polisi. Mimi napenda hii kitu. Sikiliza historia yake. Miaka ya mwanzo ya 1950, vijana wa California walikuwa na tabia hii hii yetu, kukimbizana usiku kwenye barabara za umma. Mhariri wa gazeti la magari, Wally Parks, akaanzisha chama cha NHRA mwaka 1951 ili mbio zitoke barabarani ziende mahali pa kufaa. Mashindano yao rasmi ya kwanza yalifanyika 1953 mjini Pomona, kwenye maegesho ya uwanja wa maonyesho. Yaani parkingi! Mwaka 1954 wakatuma kikosi kidogo na gari moja na trela, kizunguke nchi kikifundisha miji jinsi ya kuandaa mbio salama. Aliyekiongoza alikuwa amewahi kuwa polisi wa Pomona. Unajua kikosi chenyewe kiliitwaje? Drag Safari. Neno letu, limevuka bahari kwenda kuokoa vijana wa watu wengine.

Mwaka huo huo wa 1953 ndio Safari Rally yetu ilianza. Kwa hivyo usiniambie sisi hatujui kuandaa mbio. Joginder Singh alishinda Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Mashindano yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, na tuliona vile barabara hufungwa, watazamaji hupangwa, na kila gari lina kizimba na mikanda kabla ya kuruhusiwa kuanza. Tunachohitaji ni kipande kilichonyooka, mita 402 za kukimbia na zingine nyingi kuliko hizo za kusimama, uzio, ambulensi, na mtu wa kukagua gari mlangoni. Kaunti inayoweza kufunga barabara kwa mbio za miguu inaweza kukaa chini na vijana wa magari pia. Na sisi wenye kurasa za magari tuache kusambaza video za barabarani usiku. Ukizituma, wewe ndiye yule mwenye tochi.

Haya, kwa wajenzi wenzangu. Nimeulizwa mara nyingi mikanda natoa wapi, ndio hii.

Mkanda wa mbio una upana wa inchi 3, karibu milimita 76. Gawanya kwa 25, unapata milimita 3. Utepe wa kufungia zawadi wa milimita 3 unauzwa dukani Ruiru mjini, roli moja itakutosha magari ishirini. Paka gundi nyepesi upande wa chini ili nyuzi zisifumuke, kata na wembe mpya. Vifungo natengeneza na alumini ya kopo la soda, nakata kimraba na kutoboa kwa sindano.

Waya wa plagi una unene wa milimita 8 hivi. Gawanya kwa 25: milimita 0.3. Fungua chaja iliyokufa, ndani utapata nyuzi nyembamba, sokota mbili tatu. Kumbuka injini ya daraja la juu ina silinda 8 lakini plagi 16, mbili kwa kila silinda. Ukiweka 8, kuna mtu atakuona.

Parachuti ni mbili, si moja. Tumia kitambaa chepesi cha leso kuukuu, kunja kwa pakiti ndogo, na usisahau kamba ya kufyatulia inayofika kwa mkono wa dereva. Juu ya injini, ile mashine ya kusukuma hewa hufungwa na blanketi na mikanda yake, ili ikilipuka vipande visimfikie mtu. Kizimba nakitengeneza kwa vijiti vya plastiki vilivyopashwa moto kwa mshumaa na kukunjwa polepole. Fungua dirisha ukifanya hivyo.

Anza na hivi kabla ya rangi. Rangi kila mtu ataiona hata usipojitahidi.

Halafu niambie: gari ya kwenu umeangalia kiti cha nyuma? Mikanda iko juu ama iko chini ya kifuniko? Wembe ni shilingi chache tu.